Kiti cha Rubani

Ubishi wetu umekwama kwenye kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba: kiti cha rubani. Tumkalishe mtu pale, au tukiache kitupu? Nimewaona watu wazima, mafundi wenye heshima zao, wakipandishiana sauti barazani kwangu hapa Mikindani kwa ajili ya kiti hicho mpaka kahawa ikapoa vikombeni, na hakuna aliyekuwa akipoteza wakati. Mimi nimeshafikia msimamo wangu. Nauandika kwa sababu barazani maneno hukatwa katikati na adhana, na mvua, na wageni, na jambo hili linahitaji kufuatwa mpaka lilipoota mizizi.

Sisi ni kikundi kidogo tusicho na jina wala katiba. Tuko maseremala wawili, mimi nikiwa mmoja wao, fundi redio, kijana mchonga vinyago, bwana mmoja Mkatoliki aliyestaafu bandarini, na mwalimu wa hesabu wa sekondari, dada mwenye akili za kushangaza. Tumekubaliana kutengeneza kwa pamoja mifano midogo ya ndege za kivita zilizopita katika historia ya upande wetu huu. Kila mtu na ndege yake, kipimo kimoja kwa wote, na siku moja ya kuzionyesha, kabla minada ya korosho haijaanza, maana ikishaanza hakuna mtu Mtwara mwenye nafasi ya kukaa. Katika nchi nyingine wapenzi wa kazi hii hununua boksi lenye vipande vya plastiki, wakabandika, wakapaka rangi. Sisi tunachonga mti. Kiwiliwili na mabawa tunatoa kwenye msufi, kwa kuwa ni mlaini na mwepesi, haubishani na patasi. Mitutu ya bunduki tunatumia mpingo, kwa kuwa kipande chake kikichongwa chembamba sana hakivunjiki ovyo.

Bwana wa bandarini anatengeneza Farman ya mabawa mawili, mfano wa zile zilizoruka kutoka Mafia mwaka 1915 kuielekeza mizinga ya Waingereza kwenye meli ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Fundi redio amechukua T-6, ndege ya propela ambayo Wareno waliitumia Msumbiji. Mimi nimechukua Fiat G.91, jeti yao. Kijana amechagua MiG-21 ya jeshi letu.

Kipimo ni moja kwa sabini na mbili, ambacho kimezoeleka duniani kwa mifano ya ndege. Mwalimu ndiye anayetugeuzia hesabu. Fiat yenye mita 8.56 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa inakuwa sentimita 11.9. MiG-21 haifiki hata sentimita 10. Tu-22 ya Libya, ile iliyotumwa kuipiga Mwanza mwezi Machi 1979, ikakosa shabaha na kuua wanyama katika hifadhi ya kisiwa cha Saanane, ingekuwa na urefu wa karibu sentimita 58, na hatukupata gogo la msufi lililonyooka kiasi hicho. Daraja la Umoja kule Negomano, lililozinduliwa mwaka 2010 kuunganisha nchi yetu na Msumbiji, lina mita 720, kwa hiyo kwetu lingekuwa mita 10 kamili, kutoka mlangoni pangu hadi kwenye mwembe. Na mtu mzima wa kimo cha kawaida anakuwa sentimita mbili na nusu hivi, sawa na korosho moja iliyosimamishwa wima. Mwalimu aliposema hilo ndipo kiti cha rubani kikaanza kutusumbua, kwa kuwa mtu wa kimo hicho anachongeka. Ana kichwa, ana mabega, ana mikono iliyoshika usukani.

Kwa sisi Waislamu suala la kuchonga chenye roho si dogo. Hadithi zinawaonya watengeneza sanamu kwamba siku ya Kiyama wataamriwa wakipulizie roho walichokitengeneza, na hawataweza. Ibn Abbas alipojiwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Na ipo hadithi ya Jibrili aliyeagiza sanamu ikatwe kichwa ili ibaki na umbo la mti. Nilimwendea shehe mmoja hapa Mikindani ninayemheshimu kwa elimu na kwa upole wake. Hakunikemea. Alinikumbusha habari ya bibi Aisha na vitu vyake vya kuchezea. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa amerudi kutoka safari ya vita, upepo ukafunua pazia, akaona wanasesere, na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Akauliza farasi gani huyu mwenye mabawa. Aisha akamjibu kwamba Suleimani alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana.

Naipenda sana habari hiyo. Mtu ametoka vitani, anakuta chombo cha kuruka kilichotengenezwa kwa matambara na mtoto, na anacheka. Lakini shehe hakuishia hapo. Alisema kuna wanazuoni walioruhusu wanasesere kwa watoto, na wapo waliobana hata hilo, na sisi si watoto. Ndege yenyewe haina roho, tuitengeneze tukipenda. Rubani tumwache.

Kisheria, basi, ndege imepita, aliyezuiliwa ni mtu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimetii na nikiwa sijaridhika, na kwa muda sikuweza kusema nini hasa hakijakaa sawa. Bwana wa bandarini alijaribu kunisaidia kwa upande wake. Yeye anasema binadamu ndiye aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, kwa hiyo ukimwondoa kitini umeondoa sehemu pekee ya ndege iliyo na heshima. Akaleta na Isaya, na habari za panga zinazofuliwa kuwa majembe, akisema kwamba silaha ikigeuzwa kitu cha kutazamwa sebuleni imeshaanza safari hiyo. Hili la pili silikubali. Panga lililofuliwa kuwa jembe halikati tena mtu. Fiat yangu haikutokana na Fiat yoyote iliyoyeyushwa. Imepunguzwa ukubwa tu, na kitu kikipunguzwa ukubwa kinapendeza, na hapo ndipo ninapoiona hatari.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, bibi wa Kimakonde wa ng'ambo, mzaliwa wa uwanda wa Mueda. Alivuka Ruvuma akiwa msichana, mwaka 1970, wakati jeshi la Wareno chini ya Jenerali Kaúlza de Arriaga lilipofanya operesheni yake kubwa ya kaskazini. Walivuka usiku kwa mtumbwi, huku chini ambako mto unapanuka ukikaribia bahari na mikoko inaanza, wakiwaogopa viboko kwa upande mmoja na taa za doria kwa upande mwingine. Siku hizi anauza vitumbua asubuhi, na akimaliza hupenda kukaa kwenye karakana yangu akisikiliza redio.

Nilikuwa nimeshabandika mabawa ya Fiat, bado haijapakwa rangi. Nikampa aishike. Nilidhani ataiweka kiganjani na kuitazama kwa juu, maana kila aliyeingia karakana alifanya hivyo. Yeye aliishika kwa ncha za vidole, akaunyoosha mkono juu ya kichwa mpaka kanga ikateleza begani, akainua uso, akaitazama kwa chini. Akaipeleka polepole kutoka upande wa dirisha hadi upande wa mlango. Kisha akanirudishia.

"Mgongo wake siujui, baba," alisema. "Mimi nalijua tumbo."

Akaniambia tumbo nililochonga ni la uongo. Nilikuwa nimelisugua kwa msasa likawa laini kama shavu la mtoto, na fikra zangu zote zilikuwa juu, kwenye kioo cha rubani, kwenye mkia, kwenye mahali pa kuchora msalaba wa Ureno. Yeye aligusa chini ya mabawa, hapa na hapa, akasema palikuwa na vitu vinavyoning'inia, na ukiona ndege inarudi bila vitu hivyo unajua imekwisha kuviacha kwa watu fulani, na unaanza kuhesabu ndugu zako wako wapi.

Halafu akauliza kama ndani nimeweka mtu. Nikamweleza ubishi wetu wote, na shehe, na Ibn Abbas. Akacheka kwa sauti, akaniuliza kama nakijua kinyago cha lipiko. Nakijua, nani wa Mtwara asiyekijua? Ni kinyago cha kuvaa kichwani. Anayekicheza hufunikwa nguo mwili mzima, na kwa mila ya Wamakonde wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni huambiwa kwamba yule si mtu, ni mzimu. Siri ambayo wavulana hufundishwa jandoni ni kwamba ndani mna mtu. Wamakonde walichonga hata sura za Wareno wakazicheza.

"Sisi wanawake tulijua siku zote," alisema bibi. "Mwanamke anamjua mumewe kwa miguu. Lakini tulikimbia, kwa kuwa ngoma inataka tukimbie. Na hii nayo ikija tulikimbia." Akaielekeza kidole Fiat yangu juu ya meza. "Watoto walisema ni ndege tu. Mama yangu akawaambia, ndani mna mtu."

Nilichokuwa nikikitafuta tangu nitoke kwa shehe kilikuwa hicho. Ndege haina roho, ndiyo maana haina dhambi. Haitafufuliwa, haitasimamishwa kwenye mizani, haitaulizwa. Atakayeulizwa ni yule aliyekuwa kitini. Sheria, kwa hekima yake, inamlinda yule mwenye roho asifanyiwe sanamu, kwa sababu roho ni ya Mungu. Lakini sisi tukikiacha kiti kitupu, kisha tukaipaka ndege rangi zake zote na kuiweka mahali watu waipende, tunakuwa tumesema jambo lingine kabisa: kwamba chombo kiliruka chenyewe na kuua chenyewe. Tumemtoa kwenye hesabu mtu mmoja anayepaswa kuwemo.

Na si rubani peke yake. Fiat G.91 ilibuniwa Italia na Giuseppe Gabrielli, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1956, ikashinda shindano la NATO la kutafuta ndege nyepesi ya kivita. Mwaka 1966 Ureno ilipata ndege 40 za aina hiyo kutoka Ujerumani Magharibi, ambazo mwanzoni zilikusudiwa Ugiriki na Uturuki. Wajerumani walitaka zitumike kwa ulinzi wa eneo la NATO. Lisbon ikashikilia kwamba Angola, Guinea na Msumbiji ni Ureno. Miaka ile ya sitini ikielekea kwisha, zikafika Nacala. Nikiifuata njia hiyo kutoka mwisho hadi mwanzo, kila kituo nakuta kiti, na kila kiti kimeachwa na mtu aliyesema kazi yake ilikuwa kuchora tu, au kuuza tu, au kutia sahihi tu, au kuruka tu. Ndege inakuwa na hatia ya wote, nayo ndiyo pekee isiyoweza kubeba hatia.

Hapa Mtwara vita vya Msumbiji havikuwa habari ya mbali. FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na hospitali yao mjini, majeruhi wakiletwa kutoka ng'ambo, na waliipa jina la Américo Boavida, daktari wa chama cha ukombozi cha MPLA aliyeuawa Angola mwaka 1968 katika shambulio la Wareno la helikopta. Majeruhi wa mabomu wakatibiwa katika nyumba iliyobeba jina la daktari aliyeshambuliwa kutoka juu. Walioipa jina hilo walitaka mtu atajwe. Hawakuridhika na kusema kwamba vita ni vita.

Wamakonde wana masimulizi ambayo Mjerumani Karl Weule aliyaandika alipopita huku mwaka 1906, na bado wazee wanayasimulia. Palikuwa na kiumbe mmoja porini ambaye hakuwa bado mtu kamili. Alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ikawa mwanamke hai. Wakazaa mtoto karibu na Ruvuma, akafa. Wakapanda juu kidogo, wakazaa tena, akafa. Wakapanda hadi uwandani kwenye vichaka, na wa tatu akaishi. Nimeyasikia masimulizi haya tangu utotoni nikidhani yanahusu kwa nini Wamakonde hawakai mabondeni. Sasa naona na jambo lingine ndani yake. Yule mchongaji anakuwa mtu kwa sababu alichokichonga kimekuwa na haki juu yake. Lazima akilishe, lazima akizikie watoto, lazima ahame nacho. Hakuchonga akaondoka. Na katika Kurani, nabii Isa anafinyanga umbo la ndege kwa udongo, anapuliza, linakuwa ndege hai kwa idhini ya Mungu. Idhini inatajwa waziwazi, umbo peke yake halitoshi. Mimi sina idhini ya kupuliza, na msufi wangu utabaki msufi. Nilicho nacho ni kuamua umbo langu litasema kweli au litasema uongo juu ya wale ambao kweli walipewa roho.

Wapo wanaoniambia kwamba nalipa uzito jambo jepesi, kwamba watu wanataka tu kufurahia mistari mizuri ya chombo. Nami nafurahia. Pua ya Fiat, pale tundu la hewa linapoingia chini ya pua, ni mchongo ambao seremala yeyote angeona fahari kuutoa kwa patasi, na sitaki kujifanya kwamba sikuona raha nilipoupata. Matendo yanategemea nia, na nia inaweza kuwa raha safi ya mikono. Lakini nia haimfuti jirani anayeingia karakana akiwa na kumbukumbu zake. Raha yangu haikumtaka bibi asahau, na sina haki ya kutengeneza kitu kinachofaa kutazamwa na wale tu ambao hawakuwahi kukaa chini yake.

Basi msimamo wangu ni huu, na wenzangu wameukubali baada ya mabishano. Fiat haitakaa mezani. Itatundikwa kwenye boriti, juu ya vichwa vya watu, ili kila atakayeingia ailaki kwa tumbo. Nimelichonga upya tumbo. Nimechora mistari ya mabati kwa sindano, nimefungua mahali pa magurudumu, nimeweka chini ya mabawa vile vitu alivyovigusa bibi, na ameshavikagua na kunirekebisha kimoja kilichokuwa kimekaa mbele mno. Rubani sikumchonga, nimemtii shehe. Lakini kiti sikukiacha kitupu cha kusahaulika. Nimekichonga chote, na mikanda yake imefunguliwa, na kofia ya rubani imewekwa ukingoni na kioo kimeinuliwa, ionekane kwamba mtu alikuwepo na ameinuka. Shehe aliitazama kwa makini akasema hamna sanamu hapo, ni kiti na kofia. Akaongeza kwamba mwenye kofia anajulikana.

Mwalimu akaona kasoro, na ni kasoro ya kweli. Ndege iliyo hewani huku kioo kimefunguliwa na kiti hakina mtu ni jambo lisilowezekana, na tena, ikiwa imetundikwa, hakuna atakayekiona kiti. Nimeumiza macho kwa wiki nyingi juu ya kitu ambacho boriti itakificha. Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyokuwa. Waliokuwa chini hawakukiona kiti hata siku moja. Alikiona aliyekikalia, na anakiona Mwenyezi Mungu, na kwa hao wawili kazi inastahili kufanywa sawasawa. Kuhusu kioo kilichofunguliwa angani, nimekubali kubebeshwa hilo. Afadhali mfano wangu ukosee sheria za kuruka kuliko kukosea hilo lingine.

Sasa imebaki MiG-21. Kijana wetu anaitengeneza kwa fahari, na fahari yake naielewa. Mwaka 1978 Idi Amin aliivamia Kagera na kuitangaza kuwa ardhi yake. Naamini hadi leo kwamba nchi yetu ilikuwa na haki kujibu. Lakini vita vilipoingia Uganda, miji ya Masaka na Mbarara iliharibiwa vibaya, kwa mizinga na baruti zaidi kuliko kwa ndege, na kulikuwa na watu waliotazama juu. Nikimdai Mreno kiti chake, siwezi kumsamehe kijana wetu kiti cha kwetu kwa kuwa bendera ni yangu. Nilimwambia hivyo mbele ya wote. Alinyamaza, kisha akasema, "Mzee, wewe ulikuwa na bibi wa kukuonyesha tumbo. Mimi nimtoe wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Mwalimu alisoma chuoni na dada mmoja wa Masaka, ambaye mama yake alikuwa msichana mjini humo wakati wa vita, na amekubali kuzungumza nasi kwa simu Jumamosi baada ya alasiri. Kijana ameacha kuchonga mpaka siku hiyo. Ameandika maswali yake kwenye daftari la shule, na lililo juu kabisa ni hili: kwa kuwa jeshi la Amin nalo lilikuwa na MiG-21, nyinyi mliokuwa chini mlizitofautishaje?